Mtoto Aliyeambiwa Angoje: Maisha ya Mwigizaji John Kani



Watoto wetu wengi wanamjua mzee huyu bila kujua jina lake. Kama wameona filimu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016, wamemwona mfalme T'Chaka wa nchi ya Wakanda, yule baba mzee anayeuawa kwa bomu na kumwachia mtoto wake kiti cha ufalme. Katika Black Panther, mwaka 2018, mtoto anamkuta tena baba yake katika nchi ya mababu. Na kama wameona The Lion King ya mwaka 2019, wameisikia sauti yake: ndiye aliyesema maneno ya Rafiki, yule nyani mzee mwenye fimbo. (Jina hilo ni la lugha yetu, watoto wanafurahi sana wakilisikia kinywani mwa Wamarekani.) Mzee huyu anaitwa John Kani. Ni mtu wa Afrika ya Kusini, amepita miaka 80, na kazi ya kuigiza aliianza mwaka 1965.

Lakini hatumleti kwenu leo kwa sababu ya Wakanda. Tunamleta kwa sababu ya jambo ambalo kila mama anayesoma gazeti hili analijua mwezi wa tisa masomo yakifunguliwa: fedha haitoshi watoto wote, na lazima mmoja aambiwe angoje. Kani aliambiwa angoje. Yale yaliyomkuta baadaye, kwa sehemu kubwa, yalitoka hapo. Na alipokuwa mtu mzima, mwenye sifa duniani kote, alirudi kuliandika jambo hilo katika mchezo ambao sisi tunauona kuwa mkubwa kuliko filimu zake zote.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko New Brighton, mtaa wa Waafrika kando ya mji wa bandari wa Port Elizabeth, ambao leo unaitwa Gqeberha. Wazungu wa chama cha National walishika serikali mwaka 1948, na watoto wa rika lake walikua pamoja na sheria za apartheid: wapi ulale, wapi upite, nani umwoe, kazi gani ufanye. Mwaka 1953 ikatoka sheria ya elimu ya Wabantu, na serikali haikuficha maana yake. Mtoto mweusi afundishwe yale tu yatakayomfaa kumtumikia mzungu. Sisi tunaofundisha tunaisoma sheria ile na kushangaa jinsi watu walivyokaa mezani na kalamu, wakapanga ujinga kama vile sisi tunavyopanga masomo ya juma.

Hata hivyo, mwalimu ni mtu asiyezuilika kirahisi. Kani amesimulia mara nyingi kwamba alikutana na Shakespeare akiwa bado mwanafunzi, tena kwa lugha ya mama yake. Kilikuwa kitabu cha Julius Caesar kilichotafsiriwa kwa Kixhosa na B. B. Mdledle. Mpaka uzee wake anakipenda kuliko kile cha Kiingereza. Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi wenye Kiswahili, kwa sababu mchezo huohuo Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuutoa mwaka 1963. Inaonekana Waafrika wa wakati ule, waliokuwa wakiwaza habari za watawala na wale wanaowaangusha, walijua ni kitabu kipi wakichukue kwanza.

Kijana alimaliza sekondari na kutumaini kwenda Fort Hare, chuo kikuu ambako Mandela naye aliwahi kusoma. Basi ndipo ndugu yake akakamatwa kwa mambo ya siasa, na mwisho akapelekwa Robben Island, kile kisiwa cha gereza mbele ya mji wa Cape Town. Fedha ya jamaa ikaenda kwenye kesi. Kani hakwenda Fort Hare. Akaenda kutafuta kazi katika kiwanda cha magari cha Ford.

Tusiwahukumu wazazi wake. Mtoto mmoja yuko mbele ya tribinali, mwingine ana kitabu mkononi: ni mama gani angesema avoka asilipwe? Tunachotaka muone ni yule aliyebaki na kitabu. Hakuna aliyemkosea, kwa hiyo hana wa kumlaumu, na mtu asiye na wa kumlaumu hubeba mzigo wake kimya. Tuwe tumeshika neno hilo, tutalirudia mbele.

Huko New Brighton kulikuwa na kundi la wapenda michezo lililoitwa Serpent Players, kwa maneno yetu wachezaji wa nyoka. Jina lilitokana na shimo la nyoka katika jumba la makumbusho la mji, ambalo walitaka kulitumia kama jukwaa. Lilianza mwaka 1963, na walikuwa watu wa kazi za kawaida, wakifanya mazoezi jioni baada ya kazi pamoja na mwandishi mzungu, Athol Fugard. Kani aliingia mwaka 1965. Baadaye akaingia rafiki yake waliyesoma naye, Winston Ntshona. Polisi walilifuatilia kundi hilo, na baadhi ya wachezaji walikamatwa na kupelekwa kisiwani.

Kani na Ntshona walipoamua kuacha kazi na kuishi kwa mchezo tu, serikali haikuwa na neno la kuandika katika vitabu vyao vya pasi. Mtu mweusi hakuweza kuwa "mwigizaji" mbele ya sheria. Basi ili wasikamatwe kama wazururaji, waliandikishwa kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard. Watu wawili ambao baada ya miaka michache wangepigiwa makofi New York, karatasi zao zilisema ni maboyi.

Kitabu hicho cha pasi, ambacho watu walikiita dompas, ndicho kilichozaa mchezo wao wa kwanza mkubwa, Sizwe Banzi Is Dead, yaani Sizwe Banzi Amekufa. Waliutunga watu watatu pamoja, Fugard, Kani na Ntshona, na uliochezwa mara ya kwanza mwezi wa kumi 1972 katika jumba dogo la The Space, mjini Cape Town. Wachezaji ni wawili tu, na vitu vya jukwaani vingeingia katika gari dogo.

Tuelezee habari yake, kwa sababu ni habari ya baba mwenye watoto wanne. Sizwe ametoka King William's Town kuja Port Elizabeth kutafuta kazi. Mkewe Nowetu amebaki nyumbani na watoto. Pasi yake haina ruhusa ya kukaa mjini, amekamatwa, amepigiwa mhuri kwamba aondoke baada ya siku tatu. Kwao hakuna kazi. Usiku mmoja, yeye na Buntu, mtu aliyempa mahali pa kulala, wanarudi kutoka kunywa na kukuta maiti ya mtu uchochoroni. Ana pasi mfukoni, na pasi hiyo ina ruhusa ya kazi. Buntu anabandua picha ya Sizwe na kuibandika katika kitabu cha marehemu. Tangu sasa Sizwe Banzi amekufa. Yeye ataitwa kwa jina la yule maiti, atalipwa kwa jina hilo, na watoto watakula kwa jina hilo.

Sizwe anakataa kwanza. Anasema jina lake ni lake, ni la baba yake, na watoto wake watakuwa watoto wa nani? Hapa ndipo mchezo ulipokuwa ukiwaka moto. Ulipochezwa New Brighton kwenyewe, mbele ya watu ambao kila mmoja alikuwa na dompas mfukoni, watu hawakungoja mwisho. Walisimama na kuanza kubishana wao kwa wao: achukue, asichukue, ni dhambi, si dhambi, watoto watakula nini. Wachezaji wakalazimika kusimama na kungoja mpaka mjadala upoe. Sisi tunafikiri hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mwigizaji. Makofi mtu anaweza kuyatoa kwa adabu tu, lakini hakuna anayegombana na jirani yake kwa ajili ya kitu ambacho hakijamgusa.

Mchezo unaanza na kumalizika katika duka la mpiga picha anayeitwa Styles, na Styles ni Kani. Sizwe amekuja kupigwa picha ya kumtumia mkewe pamoja na barua, na katika barua hiyo ndimo anamweleza Nowetu kwamba mumewe "amekufa" na kwamba asiogope. Wamama, mkifikiri vizuri, mchezo huu una mwanamke mmoja ambaye haonekani hata mara moja, na kila neno linasemwa kwa ajili yake. Wengi kati yetu tunajua kungoja ujumbe wa mtu aliyekwenda kutafuta, na kuangalia picha kwanza kabla ya kusoma: amekonda? koti hili ni lake au ameazima?

Kuna pia kipande cha mwanzo, ambacho ni cha kuchekesha, na hapo ndipo ile miaka ya Ford ilipotoka na faida. Styles anasimulia siku tajiri mkubwa kutoka Marekani alipokuja kukitembelea kiwanda. Ghafla wafanyakazi wanapewa sabuni na nguo mpya, sakafu inapigwa rangi, mashine zinapunguzwa mwendo, wanaambiwa waimbe na waonekane wenye furaha. Mkubwa wa kizungu anatoa hotuba, na Styles ndiye mkalimani, naye anatafsiri kwa namna yake hata wenzake wanajiuma midomo. Tajiri anaingia, anapita, anatoka. Dakika zile zile mashine zinaongezwa mwendo kuliko jana. Nani kati yetu hajaona masomo yakipakwa chokaa kwa sababu mgeni mkubwa atapita?

Mwaka 1973 wakafuatisha mchezo wa pili, The Island, yaani Kisiwa. Kwanza waliupa jina lingine, kwa maana kutaja gereza la Robben Island hadharani kulikuwa hatari. Wafungwa wawili wanaogawana chumba wanajiandaa kuwachezea wenzao hadithi ya zamani ya Wagiriki, ya msichana Antigone aliyemzika kaka yake ijapokuwa mfalme alikataza. Jambo hilo halikuwa la kubuni tu: wafungwa wa Robben Island walicheza Antigone kweli, na Mandela mwenyewe alikuwa mfalme. Katika mchezo wa Kani na Ntshona, mfungwa anayeitwa Winston ndiye anayepangiwa kuwa mwanamke. Anavalishwa nywele za bandia na matiti ya bandia, mwenzake anacheka mpaka machozi, naye anakasirika, anakataa, anasema yeye ni mwanaume. Kisha, siku ya mchezo inapofika, anasimama kama Antigone mbele ya wote na kusema maneno ya dada yule, halafu anavua nywele na kuyasema yaliyobaki kwa jina lake mwenyewe. Kwetu sisi wanawake ni jambo tamu kidogo. Mwanaume aliyeona haya kuvaa nguo ya mwanamke, mwisho ndani ya nguo hiyo ndimo alimopata ujasiri.

Michezo hiyo miwili iliwapeleka London, kisha New York, na mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa pamoja zawadi ya Tony ya mwigizaji bora, zawadi kubwa kuliko zote za jukwaa huko Marekani. Wangeweza kubaki. Walirudi nyumbani. Mwaka 1976, siku chache kabla ya Transkei kutangazwa na serikali ya wazungu kuwa "nchi huru", walicheza Sizwe Banzi katika mji wa Butterworth hukohuko Transkei, wakakamatwa na kufungwa. Waigizaji wa London na New York walipiga kelele mpaka wakaachiliwa. Zawadi iliyokuwa kabatini ilisaidia kidogo, kumbe.

Miaka iliyofuata alikuwa zaidi mjini Johannesburg, kwenye Market Theatre, jumba lililofunguliwa 1976 katika soko la zamani la matunda, ambako weusi na weupe walikaa pamoja wakati sheria haikupenda. Alikuja kuwa mmoja wa viongozi wake, akasaidia kuanzisha masomo ya kufundisha vijana uigizaji, na tangu mwaka 2014 ukumbi mkubwa wa jumba hilo una jina lake. Mwaka 1985 alicheza Miss Julie, mchezo wa Mswidi Strindberg, na ndani yake mwanaume mweusi alimbusu mwanamke mweupe mbele ya watu. Sheria iliyokataza mapenzi ya rangi mbili ilifutwa mwaka huohuo, lakini mioyo haikufutwa nayo: watazamaji wazungu waliinuka na kutoka. Mwaka 1987 akacheza Othello chini ya Janet Suzman, na mambo yakawa yaleyale.

Lakini mwaka 1985 ulikuwa na jambo jingine, ambalo halikuwa la jukwaani. Mdogo wake Xolile, aliyekuwa mshairi, alikwenda kwenye mazishi ya msichana mdogo aliyeuawa katika fujo za wakati ule. Alipokuwa akisoma shairi lake, polisi walimpiga risasi, akafa.

Kani alikaa na kifo hicho miaka mingi. Apartheid ikaanguka, uchaguzi wa 1994 ukafanyika, Askofu Desmond Tutu akaongoza Tume ya Ukweli na Upatanisho kuanzia mwaka 1996, na nchi nzima ikawa inaambiwa isamehe. Yeye hakuona jinsi ya kusamehe. Alipoketi mwishoni kuandika mchezo peke yake, bila Fugard wala Ntshona, kwa mara ya kwanza maishani, alitaka kuandika habari ya ndugu aliyeuawa. Kilichotoka ni kikubwa zaidi. Ndani yake kulitoka na ile habari ya zamani, ya mtoto aliyebaki na kitabu mkononi.

Mchezo unaitwa Nothing but the Truth, yaani Ukweli Mtupu, na ulianza mwaka 2002. Sipho Makhaya ana miaka 63, ni msaidizi katika maktaba ya mji, anaishi New Brighton na binti yake Thando, mwalimu, ambaye pia ni mkalimani katika Tume ya Ukweli. Amefanya kazi ya usaidizi maisha yake yote chini ya wazungu, na sasa nchi ikiwa huru anategemea kupewa ukubwa wa maktaba. Hapewi. Anaambiwa amezeeka. Wakati uleule anapokea msiba: mdogo wake Themba, shujaa wa mapambano aliyekimbilia London, amekufa huko, na binti wa marehemu, Mandisa, anamleta nyumbani azikwe.

Sipho ameandaa matanga. Gari la maiti liko uwanja wa ndege, wazee wa ukoo wamealikwa, kila kitu kiko tayari. Mandisa anafika na chombo kidogo mkononi. Baba yake amechomwa, ndani ni majivu. Tunaomba muitazame filimu yake kwa ajili ya saa hiyo peke yake. Kani mwenyewe ndiye Sipho, na ndiye aliyeiongoza mwaka 2008. Mwaka 2009 ilipata zawadi ya pili, Farasi wa Fedha, katika sikukuu ya filimu ya FESPACO huko Ouagadougou. Mzee anatazama kile chombo na kuuliza ndugu yake yuko wapi. Anafikiri watu wataweka nini kaburini, wataaga nini. Watoto wetu walio Ulaya na Kanada wataitazama kwa namna yao, sisi kwa yetu, na ni heri tuitazame pamoja kabla msiba haujatulazimisha kubishana kwenye simu.

Baadaye, usiku, Sipho anafungua kinywa. Anasema yale aliyoyafunga tangu utoto. Themba alipewa kila kitu. Themba alikwenda Fort Hare, na fedha ilikuwa ya mshahara wa Sipho, ambaye aliambiwa na wazazi afanye kazi ili mdogo wake asome, ingawa yeye mwenyewe alitaka kuwa mwanasheria. Themba alipendwa na mtaa mzima, akasimama mbele ya mikutano, na Sipho akawa nyuma akishika koti. Mpaka mke wa Sipho, mama ya Thando, Themba alimchukua. Na Luvuyo, mtoto wa kiume wa Sipho, alimpenda baba yake mdogo huyo wa siasa kuliko baba yake mzazi, akafuata njia yake, na polisi wakamwua akisoma shairi kwenye mazishi ya msichana mdogo. Mnaona alikomweka Xolile.

Jambo linalotugusa zaidi ni kwamba Sipho hakuwahi kusema hapana. Wazazi wake walimwona mtoto mwema, mtiifu, asiye na shida. Katika masomo pia tunao watoto wa namna hii, na kwa sehemu kubwa ni wasichana. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini tukifika sekondari minervali inarudi, na mama ana watoto watatu na likelemba moja. Anapomwambia msichana angoje mwaka ujao kwa sababu kaka yake yuko karibu na mtihani wa Taifa, msichana anaitika, anachukua ndoo ya maji. Mwalimu anaona tu kwamba jina lake halijibiwi tena asubuhi. Hatusemi mama ana njia nyingine, mara nyingi hana. Tunachosema ni kwamba kuitika kwa mtoto si ushahidi kwamba hakuumia, na Kani, aliyeandika mambo haya karibu miaka 40 baada ya Fort Hare yake mwenyewe kupotea, anatuonyesha jinsi kitu hicho kinavyodumu. Pengine ingesaidia mtoto aambiwe wazi: hii ni yako, tumeichukua, tunajua tumeichukua, na zamu yako ni tarehe fulani. Sipho hakuambiwa hata neno hilo moja.

Baada ya hapo Kani aliendelea kuandika. Mwaka 2019, mwaka uleule wa Rafiki, alikuwa Uingereza katika mji wa Shakespeare akicheza Kunene and the King, mchezo wake kuhusu mwigizaji mzungu mwenye saratani na muuguzi mweusi anayekuja kumtunza nyumbani. Mwigizaji alikuwa Antony Sher, Mwafrika wa Kusini pia, naye akafa kwa saratani mwaka 2021. Ndani ya mchezo huo kile kitabu cha Mdledle kinarudi, na muuguzi anamwonyesha mzungu kwamba Shakespeare anaweza kusemwa kwa Kixhosa na asipungukiwe na kitu.

Hata Wakanda lugha hiyo aliipeleka yeye. Walipokuwa wakitengeneza ile filimu ya 2016, maneno ya mfalme na mtoto wake yalikuwa kwa Kiingereza. Kani akauliza kwa nini baba na mtoto wa Kiafrika wasizungumze kwa lugha yao, akawapa maneno ya Kixhosa, na Chadwick Boseman, aliyemcheza mtoto, akajifunza hapohapo. Basi Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Na katika Black Panther, anapoonyeshwa T'Chaka akiwa kijana, huyo si mwingine ila Atandwa Kani, mtoto wake wa kumzaa, ambaye naye ni mwigizaji. Huyu alipewa masomo.

Turudi kwa Sipho kidogo, maana hatukumaliza. Katika yale yote aliyomdai ndugu yake aliye majivu, mke, chuo, mtoto, kuna kimoja ambacho watazamaji huwa wanakicheka kwanza. Alipokuwa mtoto alitengeneza basi la waya, kama yale wanayotengeneza wavulana wetu kwa waya na vifuniko vya chupa. Themba akalililia. Wazazi wakamwambia Sipho ampe, yeye ni mkubwa. Sasa ana miaka 63, binti zake wawili wamekaa mbele yake wakimsikiliza, na anaeleza basi lile kipande kwa kipande, jinsi alivyolikunja na siku ngapi zilimchukua.